Nilipoambiwa nitembee

Siku zangu zilikuwa zinakuja mara tatu, labda nne, kwa mwaka. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi, nimeolewa miaka sita, na mizizi niliyokunywa katika miaka hiyo ni ya kila aina. Mama mkwe hakuwahi kunitukana. Kila akija kutoka kijijini aliuliza tu, "Mkamwana, kuna habari?" Afadhali angetukana.

Mwaka jana nilipigwa ultrasaundi, nikaambiwa nina PCOS, "uvimbe kwenye mayai", kisha akaitwa mgonjwa mwingine. Nilirudi nyumbani nikisubiri kupasuliwa.

Aliyenieleza vizuri ni dada mmoja wa fiziotherapia, na kwake nilikwenda kwa ajili ya mgongo, maana kazi yangu ni kukaa kutwa. Akaniuliza habari za hedhi. Mgongo na hedhi wapi na wapi? Akasema ule si uvimbe wa kukatwa, ni vifuko vidogo vya mayai ambayo hayakukomaa. Kwa wengi wetu insulini, homoni inayosimamia sukari mwilini, huzidi. Ikizidi huchochea ovari kutoa homoni za kiume kwa wingi, na yai halipevuki. Misuli ikifanya kazi hutumia sukari, insulini ikashuka.

"Sikuahidi mtoto, dada," alisema. "Na dawa za daktari usiache."

Dozi yangu ikawa kutembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Siku mbili, kuchuchumaa na kuinuka nimeshika ndoo ya maji. Nilikuwa na kilo 84. Alisema kupungua hata nne kunaweza kuleta tofauti.

Sasa kwetu mke mnene ndiye mke aliyetunzwa. Nilipoanza kupungua, majirani walimtazama mume wangu vibaya. Alfajiri kwenye barabara ya Lamadi bodaboda walisimama kuniuliza naenda wapi na raba zangu. Yeye mwenyewe alinyamaza wiki tatu. Wiki ya nne nikamkuta mlangoni amevaa viatu.

Tukiwa njiani nikamwambia neno ambalo ndani ya nyumba lilinishinda: na yeye akapime. Tulitembea kipande kirefu bila kusemeshana.

"Nitakwenda," akasema.

Alikwenda kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa.

Mtoto bado. Juzi mama mkwe alikuja na kifurushi cha michembe, akauliza lile swali lake. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Mama, tunatibiwa wote wawili." Mama alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, kisha akaomba maji ya kunywa.

Alipoondoka nilichukua kalamu nikazungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Ni mwezi wa nne mfululizo.