Mkeka wa Bibi, Picha za Mume Wangu

Kwa wengi wetu mjini, kukusanya kazi za sanaa ni mambo ya mabalozi na matajiri. Mimi na mume wangu ni wafanyakazi wa kawaida, tumepanga Tabata, lakini tunakusanya. Tena kila mtu anakusanya kwao.

Yeye kwao Tunduru, alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga. Fundi huyo alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu, lakini vijana aliowafundisha waliendeleza mtindo wake mpaka leo. Mume wangu akiona chui wa madoadoa ukutani husema, "Huyu ndugu yangu." Kwa kweli nimemjua mume wangu zaidi kupitia chui yule kuliko katika miaka yote ya uchumba.

Mimi nakusanya mikeka. Bibi yangu yuko Ndagoni, kisiwani Mafia. Anachana ukindu, anautia rangi, anasuka mashupatu, kisha anayaunga kwa kushona. Mwaka jana alinikabidhi mmoja, wa zambarau na kijani. "Mjukuu wangu, macho yamekwisha. Huu ndio wa mwisho."

Basi ndani pakawaka moto. Mume wangu alitaka tuutie kwenye fremu, tuutundike. "Ukichakaa huu, utampata wapi wa kukusukia mwingine?" Hoja nzito, sikatai. Lakini kwetu mkekani ndipo tunaposomea maulidi, tunapopokea wageni na tunapokaa matanga. Mkeka wa kutazamwa tu, mimi siujui. Tulinuniana siku mbili nzima!

Mwisho tukampigia simu mwenyewe. Bibi akacheka sana. "Mwanaume, mimi nimesuka ili mkae pamoja. Sasa mnaugombania?"

Tangu siku hiyo unatandikwa kila Ijumaa jioni, simu zimewekwa mbali, tunakula chini. Najua utachakaa. Tayari ukingo mmoja umeanza kufumuka, na mume wangu ndiye aliyeushona, kwa uzi mweusi usioendana na rangi hata kidogo.

Mpenzi msomaji, kabla hujapamba sebule yako kwa vitu vya dukani, muulize mwenzako: kwenu nani anafanya kazi ya mikono? Kisha nendeni mkamwone wote wawili, angali ana macho.