Hesabu Niliyompa Dereva

Nilimkosea dereva wangu, tena si kwa bahati mbaya. Niliketi na kalamu nikapiga hesabu.

Nilikuwa nimenunua Probox kwa mkopo, nikitaka ifanye kazi kati ya Nyansiongo na Keroka. Kuisajili kama gari la abiria kulihitaji bima ya PSV, ukaguzi wa kila mwaka, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na juu ya yote kuingia kwenye sacco au kampuni. Kanuni za mwaka 2014 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, hazimtaki mwenye gari moja. Zinataka kundi la magari yasiyopungua 30. Nikasema hayo ni mambo ya matajiri. Nikakata bima ya gari la kibinafsi, nikamwambia kijana aniletee 1,500 kila jioni, mafuta juu yake. Vizuizi vya polisi sikuvitaja, ingawa nilijua vipo.

Kila kilichotoka mfukoni njiani kilitoka mfukoni mwake. Basi akajipanga. Alitoka kabla ya mapambazuko, akapita barabara za ndani, katikati ya mashamba ya chai, zinazotafuna shokomzoba. Na alijaza. Wawili kando yake, wanne nyuma, wawili kwenye buti na mitungi ya maziwa, na mmoja akigawana naye kiti chenyewe, hata gia aliibadilisha katikati ya magoti ya mtu asiyemjua. Huko Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeugombania kwa sababu ya mpaka na ushuru, hakuwa na steji ya kusimama. Alishusha watu pembeni bila kuzima injini.

Kuna asubuhi alinipigia simu: "Mwalimu, leo kumechafuka. Naomba nilete nusu." Nikamjibu kwamba hesabu ni hesabu.

Mvua iliponyesha gari liliteleza likaingia mtaroni. Mama mmoja mchuma chai alivunjika mkono. Kampuni ya bima ikanieleza kwa adabu kwamba gari la kibinafsi halina abiria wa kulipa nauli, kwa hiyo kwao mama huyo hakuwemo ndani. Niliuza ng'ombe. Hilo nilistahili. Nisilostahili kusamehewa upesi ni nililofanya stejini kesho yake: nilisema kijana ana tamaa, ndiyo maana alijaza gari. Wazee wakatikisa vichwa, wakanipa pole.

Sasa gari lina leseni na liko kwenye sacco. Sizisifu kanuni zote. Sharti la magari 30 linamtia mwenye gari moja mikononi mwa viongozi wa sacco, na ukiwa nao vibaya huna pa kwenda. Lakini gharama niliyoikwepa haikuwa imepotea. Nilimbebesha mtu asiye na gari wala ng'ombe wa kuuza, kisha nikamlaumu kwa namna alivyoibeba.

Nilimwomba arudi, hesabu ikiwa 1,000. Alinishukuru, akakataa. Anaendesha boda boda ya mtu huko Chebilat, ingawa anapenda usukani. Wenye magari hapa hawamwajiri kwa sababu ya neno langu. Nimeanza kuwaendea mmoja mmoja kuwaambia nani aliyekuwa na tamaa. Wa kwanza alicheka, akaniuliza kama kijana amenitisha.