Mpira Ambao Haukufika

Najua, nimekuwa kimya siku nyingi mno. Kazi imenibana, na kila nikiketi kuandika simu ya mteja inalia. Lakini leo lazima niandike, maana juzi nilibishana na mwenzangu mmoja ofisini hadi chai ikapoa, na ubishi wenyewe ulihusu kriketi.

Naam, kriketi. Msicheke. Wengi wetu huku Kenya tuliujua mchezo huu mwaka 2003, timu yetu chini ya nahodha Steve Tikolo ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tuliwapiga Sri Lanka pale Gymkhana Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi tano. Halafu kule Durban mzee Aasif Karim, ambaye alikuwa ameshastaafu akaitwa tena, aliwarushia Waaustralia ova 8.2 akatoa mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu. Mmoja wa waliotoka alikuwa nahodha wao Ricky Ponting, kwa LBW. Nitalirudia jambo hilo, likumbukeni.

Kwanza, kwa wasiojua: LBW ni nini? Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu. Mpira ukivigonga, ametoka. Sasa, mtu mjanja angeweza kusimama tu mbele ya vijiti na kuzuia mpira kwa mguu. Ndiyo maana sheria inasema, kwa ufupi, kwamba mpira ukigonga mguu kabla ya gongo, na mwamuzi akaona kwamba kama si ule mguu mpira ungegonga vijiti, basi ametoka. (Kuna masharti mengine ya mahali mpira ulipodundia, lakini tuyaache.)

Hebu litazameni lile neno: UNGEgonga. Mwamuzi haulizwi kilichotokea. Anaulizwa ambacho kingetokea. Katika soka tunauliza mpira ulivuka mstari au haukuvuka, na jibu lipo, hata kama hakuna aliyeliona. Katika LBW jibu halipo duniani. Mpira ule haukufika kwenye vijiti na hautafika kamwe.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mfumo unaojulikana zaidi ni Hawk-Eye, uliobuniwa Uingereza na Paul Hawkins na wenzake. Ulionekana mara ya kwanza kwenye televisheni mwaka 2001, katika mechi ya Uingereza na Pakistan pale Lord's, na tangu 2011 unamilikiwa na Sony. Kamera kadhaa zinazungushwa uwanjani. Kila moja inautafuta mpira katika kila picha. Ukijua kamera zimesimama wapi, na kila moja inauona mpira upande gani, unapiga hesabu ya pembetatu, unapata mpira uko wapi hewani. Unafanya hivyo picha baada ya picha, unaunganisha nukta, unapata njia. Kisha programu inachukua mwendo wa mpira baada ya kudunda na kuuendeleza mbele, kupita kwenye mguu kana kwamba mguu haupo, hadi kwenye vijiti.

Sehemu ya kwanza ni kipimo. Sehemu ya mwisho ni makadirio. Lakini kwenye runinga zote mbili zinachorwa kwa mstari mmoja laini unaong'aa, na kile kijiti kinaangushwa kwa madaha! Mtazamaji anaapa kwamba ameona kwa macho yake.

Tupige hesabu kidogo (mnaochukia hesabu rukeni aya hii, sitawashtaki). Mpira wa kilomita 140 kwa saa unakwenda karibu mita 39 kwa sekunde. Tuseme kamera inapiga picha 100 kwa sekunde. Kati ya picha moja na nyingine mpira umeshakwenda sentimita 39. Kama mpira umedunda karibu sana na mguu, baada ya kudunda utapata picha chache mno za kukuonyesha umegeukia wapi. Sasa tuseme umekosea pembe kwa nyuzi moja tu, na mguu ulikuwa mita 2.5 kutoka kwenye vijiti. Ukifika mwisho umekosea kwa zaidi ya sentimita nne. Kijiti chenyewe hakifiki unene wa sentimita nne. Kamera za kweli zina kasi kuliko hizo za mfano wangu, na mahesabu yao ni mazuri kuliko yangu, lakini kanuni haibadiliki: kadiri unavyotabiri mbali, na kadiri ulivyo na nukta chache, ndivyo kosa linavyotanuka.

Wenye sheria za kriketi wanalijua hili. Walipoanzisha mfumo wa rufaa, unaoitwa DRS (ulijaribiwa 2008 India ilipozuru Sri Lanka, ukaanza rasmi Novemba 2009 New Zealand na Pakistan zilipocheza Dunedin), waliweka kipengele kinachoitwa uamuzi wa mwamuzi. Kompyuta ikisema zaidi ya nusu ya mpira inagonga eneo la vijiti, mtu ametoka, hata kama mwamuzi alikataa. Ikisema mpira unapita kando kabisa, hajatoka. Lakini ikisema mpira unagusa kwa chini ya nusu yake, basi kompyuta inanyamaza, na alichosema mwamuzi uwanjani kinabaki.

Hapa ndipo mimi na mwenzangu tulipogombana.

"Bwana wewe," aliniambia, "mpira unagonga au haugongi? Kugonga ni kugonga! Hiyo nusu inatoka wapi? Leo mpira uleule mtu anatoka, kesho mpira uleule habanduki, ati kwa sababu mwamuzi alikuwa mwingine. Hiyo ni haki?"

Nakiri hoja yake ina nguvu, na si yeye peke yake mwenye hoja hiyo. Virat Kohli aliilalamikia mwaka 2021 akiwa nahodha wa India. Mwaka huohuo kamati ya kriketi ya ICC, iliyoongozwa na Anil Kumble, iliitazama upya na ikaamua kibaki, ikarekebisha tu jinsi urefu wa vijiti unavyohesabiwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 2016, upana wa eneo ulikuwa umeongezwa. Kwa hiyo mpira ambao zamani haukumtoa mtu, leo unamtoa. Mpira ni uleule na vijiti ni vilevile. Kilichobadilika ni namba iliyoandikwa ndani ya programu.

Na visa havikosi. Mohali, 2011, nusu fainali ya Kombe la Dunia: mwamuzi Ian Gould alimtoa Sachin Tendulkar kwa LBW akiwa na mikimbio 23. Tendulkar akakata rufaa, kompyuta ikasema mpira ungepita kando ya vijiti. Akabaki, akafika 85, India ikashinda Pakistan kwa mikimbio 29. Saeed Ajmal, aliyerusha mpira ule, baadaye alisema hadharani kwamba yeye bado anaona Tendulkar alikuwa ametoka. Headingley, 2019: Australia walikuwa na hakika wamemnasa Ben Stokes kwa LBW, Uingereza ikihitaji mikimbio miwili tu. Mwamuzi Joel Wilson alikataa, na Australia walikuwa wamepoteza rufaa yao ya mwisho ova moja nyuma. Picha ikaonyesha mpira unagonga vijiti. Uingereza ikashinda kwa wiketi moja.

Lakini msidhani zamani kulikuwa na neema. Sydney, Januari 2008, Andrew Symonds aliugusa mpira ukadakwa nyuma akiwa na mikimbio 30. Mwamuzi Steve Bucknor hakusikia. Symonds alimaliza na 162 bila kutoka, India ikashindwa, na Bucknor, mmoja wa waamuzi wazoefu kuliko wote, akaondolewa kwenye mechi iliyofuata. Kompyuta ingemwokoa. Sisemi turudi gizani.

Ninachosema ni kingine, na nitawaeleza kimetoka wapi.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kufuatilia malori kwa GPS kwa kampuni moja ya usafirishaji ambayo sitaitaja. Kifaa kilituma mahali lori lilipo kila dakika mbili. Tatizo likawa mtandao: barabara ya Mombasa ina sehemu ambapo simu inakufa kabisa, na vile vifaa vya bei rahisi havikuhifadhi chochote. Kwenye ramani mstari ulikatika, na meneja hakupenda. "Inaonekana kama mfumo ni mbovu," alisema. Basi nikaandika kipande cha programu cha kujaza pengo. Kilichukua nukta za mwisho, mwelekeo na kasi, kikabashiri lori linakwenda wapi, kisha kikalivuta kwenye barabara iliyo karibu. Mistari ikawa mizuri ajabu, myekundu, haina pengo. Nilisifiwa. Nililipwa.

Halafu siku moja lori likapoteza mtandao pale Voi. Nukta mbili za mwisho zilikuwa zimepotoka kidogo kuelekea magharibi, jambo la kawaida kwa GPS. Programu yangu ikatazama mwelekeo, ikaona barabara ya Taveta, ikalituma lori huko kwa zaidi ya nusu saa. Mtandao uliporudi, lori lilikuwa Mackinnon Road likielekea Mombasa kama kawaida. Ripoti ikasema dereva alichepuka. Mwenye mali akasema dereva anauza mafuta. Akasimamishwa kazi, akakatwa mshahara.

Alinipigia simu mwenyewe. Sijui namba alipewa na nani. Alikuwa mtu mzima, sauti yake ya upole, na hakunitukana.

"Kijana wangu," aliniuliza, "wewe ulikuwa ndani ya gari?"

"Hapana, mzee."

"Sasa umeniona wapi Taveta?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua hifadhidata, na kwenye muda ule hakukuwa na nukta hata moja. Hakuna kipimo! Taveta yote niliichora mimi. Kisha nikafanya hesabu ambayo mtoto wa shule angefanya: kutoka Voi hadi Mackinnon Road kwa muda ule ni mwendo wa kawaida wa lori lililobeba mzigo. Kama angeingia Taveta na kurudi, angelazimika kuruka. Tikiti yake ya mzani wa Mariakani nayo ilikubaliana naye. Alirudishiwa pesa zake, lakini kazini kwa wale watu hakurudi, na simlaumu.

Kosa langu lilikuwa wapi? Wengine watasema kwenye kile kipande cha kubashiri. Mimi nasema kilikuwa sawa kwa kiasi chake, kwani mara nyingi kilipatia. Kosa lilikuwa rangi. Nilichora nilichokipima na nilichokibuni kwa wekundu uleule, unene uleule. Meneja hakuwa na njia ya kujua tofauti, na dereva hakuwa na njia ya kujitetea.

Harry Collins na Robert Evans wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliandika jambo hilihili kuhusu Hawk-Eye mwaka 2008: kwamba mtazamaji aonyeshwe kiasi cha kosa, asipewe picha inayojifanya ukweli mtupu. Hata kwenye tenisi, ambako hakuna kubashiri mguu, waundaji wenyewe walitaja kosa la wastani la milimita 3.6. Wastani, wasomaji. Maana yake kuna nyakati linazidi.

Ndiyo maana nilimwambia mwenzangu kwamba uamuzi wa mwamuzi si aibu ya mfumo. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu yake yenye ukweli kuliko zote. Ni mashine inayosema: hapa karibu na ukingo sina hakika ya kutosha kumpindua mtu aliyekuwepo. Ni kweli mpira uleule unaweza kutoa majibu mawili. Lakini ukiifuta ile nusu, kosa halifutiki. Linahamia ukingoni, ambako milimita moja ya kubahatisha inageuka hukumu, na hakuna wa kumuuliza. Ningefurahi zaidi kama wangeuchora ule mkia wa mwisho kwa ukungu, unaotanuka kadiri unavyoenda mbele, tuone wote shaka iko kiasi gani.

Programu yangu niliibadilisha wiki ileile. Pengo sasa ni nukta za kijivu, na ripoti inaandika "makadirio". Tena mfumo haukubali kuhesabu adhabu yoyote kutokana na nukta za kijivu: msimamizi lazima kwanza ampigie dereva na kuandika alichoambiwa. Meneja alinung'unika kwamba ramani imekuwa mbaya. Ndiyo, ni mbaya.

Na ile LBW ya Ponting ya 2003? Hawk-Eye ilikuwepo tayari kwenye televisheni za dunia, lakini rufaa haikuwepo. Mwamuzi aliinua kidole, Ponting akaenda zake, nasi tukashangilia. Mwenzangu aliniuliza kama ningependa kujua kompyuta ingesema nini. Nilifikiri kidogo, nikamwambia ndiyo, mradi inionyeshe pia ni wapi imeacha kupima na kuanza kubashiri.

Hajakubali mpaka leo. Nyinyi mnaonaje? Niandikieni, hasa nyinyi mnaoandika programu zinazowahukumu watu. Tukutane tena, nami najitahidi nisipotee muda mrefu hivi.