Majirani wa Idrissa



Filamu nyingi kuhusu wakimbizi humwacha mtazamaji na uzito moyoni, kisha anazima kompyuta na kwenda kulala. Filamu ya Le Havre, aliyoiongoza Mfini Aki Kaurismäki mwaka 2011, inakwenda njia nyingine. Inachekesha, tena kwa upole, na kicheko chake kinakuachia swali ambalo halizimiki na kompyuta.

Kisa chenyewe ni chepesi. Katika mji wa bandari wa Le Havre, Ufaransa, anaishi mzee aitwaye Marcel Marx, mng'arisha viatu. Zamani alikuwa mwandishi. Sasa anabeba kisanduku chake cha dawa ya viatu na kusaka wateja stesheni ya treni. Ana mke mgonjwa, mbwa mmoja, na madeni kwa mwenye duka na kwa mama muuza mikate. Siku moja bandarini linafunguliwa kontena, na ndani mnakutwa watu kutoka Afrika. Kijana mmoja, Idrissa, kutoka Gabon, anachomoka na kukimbia. Alikuwa anaelekea London aliko mama yake. Marcel anamkuta amejificha majini chini ya gati. Hamhoji. Anamwachia chakula na pesa kidogo, kisha baadaye anamhifadhi nyumbani kwake.

Niliitazama filamu hii na vijana wa kigango wakati wa likizo, nyumbani Mwamanyili, wilayani Busega. Lugha yake ni Kifaransa na maandishi ya chini ni Kiingereza, hivyo ilinibidi niwe kama wale ma-DJ wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video, nusu Kiswahili, nusu Kisukuma. Kilichowachekesha kwanza ni yule mwenye duka. Mwanzoni, akimwona Marcel anakuja, anaharakisha kufunga duka, maana anajua anakuja kukopa. Kila aliyekuwepo anayajua maduka ya namna hiyo na daftari lake la madeni. Lakini habari za mtoto zikishaenea mtaani, mwenye duka yuleyule anamwita Marcel mwenyewe na kumpa vyakula. Mama wa mikate naye anamficha Idrissa. Hakuna anayehutubia juu ya haki za binadamu. Kila mmoja anatoa alichonacho, na hasa kile anachokiuza.

Pana mahali tuliponyamaza. Marcel anakwenda kwenye kizuizi cha wahamiaji kumtafuta babu yake Idrissa. Ili aruhusiwe kuingia, anajitambulisha kuwa ni ndugu wa yule mzee. Mkubwa wa pale anashangaa, Mzungu huyu awe ndugu wa Mwafrika? Marcel anajibu bila kupepesa macho kwamba yeye ndiye albino wa ukoo. Watazamaji wa Ulaya hucheka hapo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakumbuka kwanza miaka ile, kuanzia 2007 hivi, ndugu zetu wenye ualbino walipowindwa na kuuawa katika mikoa yetu hii, na baadhi yao walisalitiwa na watu waliowafahamu. Hatukuwa na haja ya mgeni ili kupimwa ujirani wetu. Tulipimwa na watoto wetu wenyewe. Ndiyo maana naona filamu hii inatuhusu hata kama hatujawahi kuiona bahari ya Ufaransa.

Katika suala la wakimbizi, Tanzania ina historia ndefu. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia kwetu, wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Medali ya Nansen, tuzo ya heshima kwa wanaohudumia wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa ishirini na nne na kufika Ngara. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita Kongo, na mwaka 2014 Warundi wapatao 162,000 wa mwaka 1972 na watoto wao walipewa uraia. Lakini idadi hufunika sura. Mtu laki mbili huwezi kumkaribisha sebuleni. Marcel alikuwa na mmoja tu.

Baada ya filamu kijana mmoja aliniuliza: "Frateri, angefika hapa kwetu, tungefanyaje?" Mwenzake akajibu haraka kwamba apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa kweli ndivyo utaratibu ulivyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasema: "Kwanza ale. Kwa mwenyekiti tutakwenda kesho."

Maneno ya mama yule nimeyabeba hadi darasani. Mtakatifu Thomasi wa Akwino anafundisha kwamba sheria huwekwa kwa manufaa ya wote, na kwamba mtunga sheria hawezi kuona mbele kila tukio. Kwa hiyo ipo fadhila iitwayo epikeya, ambayo Aristotle aliieleza kabla yake: kutazama lengo la sheria pale ambapo kushika herufi zake kungeleta madhara. Mfano wa Thomasi ni upanga. Ni haki kumrudishia mtu mali aliyokuwekea amana, lakini hutamrudishia upanga aliyepagawa na wazimu. Fadhila hii haimpi mtu ruhusa ya kudharau sheria, wala mama yule hakusema mtoto afichwe milele. Alipanga mambo kwa mfuatano wake: tumbo la mtoto kwanza, kisha ofisi.

Katika filamu, anayehangaika zaidi na swali hili ni Inspekta Monet, aliyetumwa kumsaka Idrissa. Tangu pale bandarini alimzuia askari aliyekuwa amemlenga bunduki mtoto anayekimbia. Mwishoni, Idrissa akiwa amefichwa ndani ya mashua ya uvuvi, Monet anaketi juu ya mfuniko wa shimo alimo na kuwaondoa askari wengine. Wazee wa Mwamanyili, ambao ziwa haliko mbali nao, walicheka sana, mashua wanaijua. Mimi nilimhurumia yule mwenye cheo. Mwenye duka alipoteza mikebe michache ya chakula. Monet aliweka rehani kazi yake.

Wapo watakaosema kisa hiki ni kitamu kupita ukweli. Hata mke wa Marcel, aliyeambiwa na daktari kuwa hana tumaini, anapona, na mcheri wa nyumbani kwao unachanua. Ni kweli, wakimbizi wengi hawakutani na Monet. Lakini mtaa wa Marcel nao una jirani anayepiga simu polisi kumchongea mtoto. Kaurismäki hakudai kwamba watu wote ni wema. Ametuonyesha tu kwamba wema wa watu maskini hauhitaji bajeti: mkate, kitanda, tamasha moja la muziki la kuchangia nauli, na midomo inayojua kunyamaza.

Jumuiya zetu ndogondogo zina hayo yote. Tunachangia misiba, tunalimiana mashamba ya pamba mwenzetu anapougua. Mgeni asiye na ukoo hapa ndiye ambaye bado hatujampangia zamu. Kanisa limekuwa na siku maalumu ya kuwaombea wahamiaji na wakimbizi tangu mwaka 1914. Siku hiyo itakapofika, napendekeza jumuiya iitazame filamu hii pamoja, na baada ya sala mwenyekiti aulize swali moja tu la kuandikwa kwenye daftari: akifika mgeni usiku wa leo, atalala kwa nani, na nani atapika?