Kiasi cha Hofu

Ewe mwanafunzi, kuuhofu mtihani si aibu. Hofu kidogo ni mlinzi: humwamsha mvivu, humfunulia kitabu. Hofu ikizidi hugeuka mwizi, ikaiba yale yale uliyoyaweka akiba.

Jambo hili lilipimwa Marekani mwaka 1908. Robert Yerkes na John Dodson waliwafunza panya wadogo kuchagua kisanduku cheupe na kukiacha cheusi. Panya aliyekosea alipigwa na umeme. Rangi zilipopambanuka waziwazi, umeme mkali uliharakisha kujifunza. Mwanga ulipopunguzwa, rangi zikawa ngumu kutambulika, umeme mkali uliwachelewesha. Ule wa kadiri ndio uliofaa.

Wewe si panya, lakini fikiri. Kitisho chaweza kuharakisha ufagiaji wa darasa. Hakiwezi kufumbua hesabu ngumu. Nimewaona wanafunzi hodari wakikesha na vitabu hadi jogoo la kwanza, kisha mbele ya karatasi wakasahau hata waliyowafundisha wenzao. Hawakupungukiwa na akili. Walizidiwa na hofu, tena walijinyima usingizi, ambao ndio huusaidia ubongo kushika mafunzo.

Basi igawe kazi kubwa iwe sehemu ndogo, umalize moja ndipo ushike nyingine. Usiku ulale. Mzigo ukikuelemea, mwambie mwalimu au mzazi mapema, wala usingoje uanguke nao. Mtihani hupima ulichojifunza. Kuipima thamani ya mtu hauwezi.