Vijiti vya Dhahabu

Naandika riwaya. Mhusika wangu mkuu ni dada fundi redio anayetaka kuushika mwanga usioonekana. Mhariri mmoja aliyesoma mswada akaniambia nitoe fizikia, nibakize mapenzi. Ala! Fizikia ndiyo mapenzi yenyewe ya huyu dada.

Hebu fikiria, msomaji mwenzangu. Rimoti ya tivii hurusha mwanga wa infraredi. Jicho halina habari. Silikoni, ile inayopitisha umeme nusunusu, huuona wa rimoti, lakini mawimbi yakizidi nanomita 1,100 hivi nayo hupofuka. Mwanga unapita tu, bila hodi.

Sasa njoo kwenye dhahabu. Chembe zake za duara, za nanomita makumi machache, zikielea majini hazing'ari kimanjano. Maji huwa mekundu, maana elektroni zake hucheza na mwanga wa kijani na kuumeza. Zirefushe ziwe vijiti, kumbe zinageukia infraredi. Dhahabu ni ileile, umbo tu!

Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Rice, Houston, kule Marekani, Naomi Halas na wenzake walitangaza kwamba wameviweka vijiti hivyo juu ya silikoni. Kijiti kinanasa infraredi, elektroni inapata nguvu, inaruka kizingiti na kuingia ndani ya silikoni: umeme huo. Urefu wa kijiti ndio unaochagua mwanga upi unaswe.

Umeme wenyewe ulikuwa kidogo mno, bwana. Elektroni nyingi huishiwa nguvu kabla ya kuvuka. Hizo zinazokwama kizingitini ndizo zinazoninyima usingizi. Sura ya tatu yote ni yao.