Mchanga Ghorofa ya Nne

Roysambu, ghorofa ya nne, hakuna udongo. Kuna saruji, vigae, na nguo za majirani zinazochuruzika maji. Kwa hivyo paka wangu wa wiki nane alipoanza kukwaruza sakafu, sikumwita mchafu. Alikuwa anatafuta ardhi.

Watu husema unamfundisha paka choo. Wapi! Kufukia anazaliwa akijua. Kazi yako ni kumwonyesha mahali. Nilichukua beseni fupi, nikaomba mchanga kwa mjengo wa hapo jirani, nikaliweka kona iliyo mbali na sahani yake. Kila akimaliza kula, kila akiamka, nambeba hadi pale. Hakuna kofi, hakuna kelele: paka akiogopa beseni, atahamia kitandani. Uchafu natoa asubuhi na jioni, maana keateka alishasema, harufu ikifika kwa ngazi, mnahama nyote wawili.

Siku ya tatu alienda mwenyewe. Akachimba, akafukia, akanusa, akaja kulala miguuni pangu.

Mimi nimelipa kodi hapa miaka miwili, na nikiulizwa kwetu ni wapi bado nasema Kakamega. Yeye alihitaji beseni moja tu la mchanga.